Wapagazi wa Kariakoo nao wakumbukwe

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Imeeleza vizuri risasi za Sarajevo za Juni 28, 1914, zilizomuua mrithi wa kiti cha enzi cha Austria, miungano ya kijeshi iliyoyavuta mataifa ya Ulaya moja baada ya jingine, na Mkataba wa Versailles, mkataba wa amani na Ujerumani baada ya vita. Ila huku kwetu mwandishi amepita mbio, kana kwamba vita hiyo tuliisikia redioni (na matangazo yenyewe ya redio hayakuwapo).

Jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani aliyepigana na Waingereza huku Afrika Mashariki, lilisalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Kwa kuwa ndorobo waliwamaliza farasi na nyumbu, risasi na unga vilibebwa vichwani. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi, na makaburi ya wengi wao hayajulikani. Hata Kariakoo, tunayoitaja kila siku tukienda kununua nyanya, imepata jina kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, yaani Carrier Corps.

Pale Mtaa wa Samora, askari wa shaba ameshika bunduki yake, singe ikielekea bandarini. Mpagazi hakusimamishwa pale juu pamoja naye. Naomba mamlaka za jiji ziweke bamba la kumbukumbu sokoni Kariakoo, kwa Kiswahili, mahali ambapo hata mchukuzi wa leo mwenye gunia begani ataliona. Nanyi wahariri, zikusanyeni simulizi za familia kabla wazee waliozisikia kwa baba zao hawajatutoka.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam