Chakula na mtembezaji wetu Mji Mkongwe

Habari za jioni ndugu zangu. Wengi mmeniuliza tutakula wapi Unguja na nani atatutembeza.

Mchana twendeni mgahawa wa Lukmaan, Mkunazini: unaviona vyakula, unachagua, unapakuliwa. Jioni ni bustani ya Forodhani. Pweza na mishikaki ya pale naipenda sana, ila ulizeni bei kabla hamjapewa sahani, na mchague kinachochomwa mbele yenu. Urojo asikose mtu, tafadhali!

Bandarini mtapokewa na mapapasi, wale wanaowafuata wageni wakijitolea kuwatembeza ili walipwe. Wajibuni kwa upole, msimkabidhi mtu begi. Mtembezaji tunayemtaka ni mwenye kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, na malipo na saa tukubaliane naye kabla ya kuondoka. Mimi nitamuuliza jambo moja kwanza: kama yuko tayari kutupa muda wa kutosha pale kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Mahali pale hapapitwi mbiombio. Waliouzwa pale walikuwa watu wa kwetu, wengine kutoka bara kabisa.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, akina mama bebeni khanga. Asiyekula pweza au pilipili aniandikie kabla ya Ijumaa.