Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kuna degedege ambayo karbamazepini huizidisha

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Morogoro. Ninakuandikia nikiwa mama wa mtoto mwenye ugonjwa wa Dravet, aina ya kifafa kikali kinachoanza utotoni. Ninaomba onyo kuhusu karbamazepini, dawa ya kifafa ambayo wazazi wengi tunaijua kwa jina la Tegretol, lifike hadi zahanati ya kijiji cha mwisho.

Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1978 na daktari Mfaransa, Charlotte Dravet. Mtoto huzaliwa mzima na hukua vizuri. Kisha, mara nyingi kati ya mwezi wa tano na wa nane, akipata homa au hata akiogeshwa maji ya moto, hushikwa na degedege ya muda mrefu. Safari hii hutikisika upande mmoja wa mwili, safari nyingine upande wa pili. Kwetu homa ikija na degedege, wazo la kwanza ni malaria, na ni sawa, kwa kuwa malaria inaua. Shida huja pale kipimo kinapoonyesha hakuna malaria, mara ya pili na ya tatu, na mtoto anaendelea kukakamaa.

Ndani ya ubongo kuna seli za neva zinazosisimua wenzake kwa kemikali iitwayo glutameti, na nyingine zinazotuliza kwa kemikali iitwayo gaba. Kusema, kutembea, kumtazama mama usoni, vyote vinataka pande hizo mbili ziwiane. Mwaka 2001 watafiti wa Ubelgiji waligundua kuwa watoto wa Dravet wana hitilafu kwenye jeni ya SCN1A, inayotengeneza milango ya kupitisha sodiamu kwenye seli za neva. Bila milango hiyo seli haziwezi kurusha umeme wake. Sasa, milango ikipungua, si kifafa nacho kingepoa? Jibu lilipatikana mwaka 2006 katika maabara ya mtafiti William Catterall kule Seattle, Marekani. Kwa panya wenye hitilafu hiyo, zilizodhoofika ni seli za kutuliza. Za kusisimua ziliendelea na kazi yake. Ni gari lenye injini nzima na breki mbovu.

Karbamazepini hufanya kazi kwa kuziba milango hiyo hiyo ya sodiamu. Kwa aina nyingi za kifafa ni dawa nzuri, na sipendi mtu aitupe. Kwa mtoto wa Dravet huzinyamazisha zaidi seli za kutuliza ambazo tayari hazina nguvu. Mwanangu aliandikiwa dawa hiyo, degedege zikaongezeka. Dozi ikapandishwa, zikaongezeka tena. Waliomhudumia walijitahidi kwa moyo wote, ila hakuna aliyewahi kuwaeleza jambo hili. Daktari bingwa aliyekaa na kuisikiliza historia yote tangu mwanzo ndiye aliyemhamisha taratibu kwenda sodiamu valproeti, dawa nyingine ya kifafa. Degedege hazijaisha, lakini zimepungua na mtoto amerudi kucheza. (Mzazi mwenzangu unayesoma, usimkatishe mtoto dawa ghafla, nenda kwa daktari. Wala usiache chanjo. Homa ya chanjo inaweza kuamsha degedege, lakini chanjo haileti ugonjwa huu.)

Mheshimiwa, degedege si mzigo wote. Kuanzia mwaka wa pili wengi wa watoto hawa huchelewa kusema, mwendo huyumba, na baadhi huonyesha dalili za usonji (autism). Tangu mwaka 2003 watafiti John Rubenstein na Michael Merzenich walitoa hoja kwamba baadhi ya aina za usonji hutokana na msisimko kuzidi utulivu katika mitandao ya neva. Mwaka 2012 maabara ya Catterall iliwapa panya wake dozi ndogo sana ya klonazepamu, dawa inayoipa gaba nguvu, na panya waliokuwa wakiwakwepa wenzao wakaanza kuwasogelea. Panya si mtoto, na sisemi kuwa hiyo ndiyo dawa ya usonji. Nasema mama anayeambiwa mwanawe amerogwa, au ana mashetani, ana haki ya kuelezwa haya kliniki, kwa Kiswahili.

Tafiti za Marekani na Ulaya hukadiria mtoto 1 wa Dravet kati ya watoto 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Nchi yetu hupata watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Tukipiga hesabu kwa kiwango hicho, ni zaidi ya 100 kila mwaka, na wengi watapitia mikononi mwa tabibu au muuguzi aliye peke yake na kabati la dawa chache.

Kwa hiyo tunaomba mafunzo ya kazini kwa watumishi hao: mtoto wa chini ya mwaka mmoja mwenye degedege za homa zinazorudia na kuchukua muda mrefu asianzishiwe karbamazepini kabla ya kuonwa na daktari wa watoto. Fenitoini ya kila siku na lamotrijini, dawa za kifafa ambazo nazo huziba milango ya sodiamu, zitajwe pia. Hospitali za rufaa za mikoa ziwe na valproeti ya maji na klobazamu, dawa nyingine ya kifafa, muda wote. Na kadi ya kliniki iwe na sehemu ya kuandika kila degedege: tarehe, muda iliyochukua, na upande wa mwili ulioshikwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mama wa mtoto mwenye Dravet, Morogoro