Wati tano zinatosha, kinachokosekana ni waya

Ndugu Mhariri,

Tangu nistaafu kufundisha fizikia, vijana wasiopungua sita wamefika nyumbani kwangu hapa Moshi na swali lile lile: mtu anayetaka kuingia katika mawasiliano ya redio ya ridhaa anunue redio gani, na je, hiyo ndogo ninayoitumia mimi si sawa na kichezeo? Kila mara nawajibu kwa mdomo, na kila mara wanaondoka wakiwa bado wanaiwaza redio kubwa ya wati 100. Naomba basi nafasi katika safu yako nijibu kwa maandishi, kwa kuwa nimekaa na redio hiyo ndogo tangu mwaka 2011 na nadhani ninaijua kwa uzuri wake na kwa ukaidi wake pia.

Kwa msomaji ambaye jina hilo ni geni, redio ya ridhaa ni huduma inayotambuliwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, ambayo watu waliopewa leseni huitumia kujifunza, kuwasiliana wao kwa wao na kufanya majaribio ya kiufundi, bila kutafuta faida ya fedha. Hapa kwetu anayetoa leseni ni TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na mwenye leseni hupewa alama ya wito, ndiyo jina lake la hewani, inayoanza na 5H, kama ambavyo ya Mkenya huanza na 5Z na ya Mganda 5X. Si redio ya kutangazia, wala si redio kol ya kampuni ya ulinzi.

Redio yangu ni Yaesu FT-817ND. Ina upana wa milimita 135, unene wa 38 na kina cha 165, na pamoja na betri yake ya ndani uzito wake ni kilo moja na ushei, kwa hiyo husafiri ndani ya kikapu kimoja na chakula changu cha mchana. Inapokea na kurusha katika bendi zote za ridhaa za masafa mafupi, yaani mafungu ya masafa yanayoitwa kwa urefu wa wimbi lake, na juu ya hapo ina mita 6, mita 2 na sentimita 70. Wazee wenzangu waliokua wakimsikia mtangazaji akitaja masafa mafupi na mita bendi hawatapata taabu na lugha hii. Nguvu yake ya kurusha haizidi wati 5, na hapo ndipo vijana hukunja uso, kwa sababu hata taa ya sebuleni inakula zaidi ya hizo.

Napenda kuwakalisha mbele ya redio na kuwafungulia megahezi 14.100, katika bendi ya mita 20. Katika masafa hayo kuna vituo 18 vilivyotawanyika duniani ambavyo hurusha kwa zamu, kila kimoja kikipewa sekunde 10, na zamu ikakirudia baada ya dakika 3. Kituo hutaja alama yake kwa Morse, ile lugha ya milio mifupi na mirefu, kisha hupiga milio minne mirefu ya sekunde moja moja: wa kwanza kwa wati 100, wa pili kwa wati 10, wa tatu kwa wati 1 na wa nne kwa wati 0.1, yaani sehemu moja ya kumi ya wati. Zamu ya ZS6DN ya Afrika Kusini inapofika, hewa ikiwa nzuri, mgeni wangu huusikia mlio wa kwanza bila taabu, wa pili vilevile, kwa wa tatu huinamisha kichwa, na kwa wa nne hunyanyua mkono kuniashiria kwamba na huo ameupata. Nikimwambia kwamba kilichorushwa kutoka huko ni sehemu moja tu ya hamsini ya nguvu ya redio aliyoidharau, hunyamaza. Kinachomshangaza zaidi ni kwamba kituo cha jirani zetu wa Kenya, 5Z4B, hata wakati kiko hewani, mara nyingi hatukisikii, kwa sababu mawimbi hayo hupaa, yakarudishwa na tabaka la juu la angahewa na kushuka mbali, yakituruka sisi tulio karibu.

Kwa hesabu, kutoka wati 5 hadi wati 100 ni desibeli 13, kipimo cha kulinganisha nguvu, na kwenye kipimo cha usikivu cha redio ya mwenzako tofauti hiyo ni hatua mbili tu na kidogo. Sisemi kwamba hatua hizo mbili si kitu. Yapo majira ambapo ninaita hadi sauti inakauka na hakuna anayegeuka, huku mwenye wati 100 akijibiwa mara moja. Lakini nimekwisha kuona pia mwenye wati 100 aliyefunga waya mbovu wa antena chini ya paa la bati, asiyesikia wala kusikika, na redio yake imegharimu mara mbili ya yangu.

Hapa Moshi tuna kikwazo kingine ambacho wati haziwezi kukiondoa. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko kaskazini yetu kabisa, kilomita zipatazo 30 kutoka mjini, na inainuka karibu kilomita 5 juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo mawimbi ya kwenda Ulaya yanayotambaa chini karibu na upeo wa macho yanaukuta mlima njiani. Dawa niliyoipata ni kuchukua kikapu, kupanda haisi hadi Boma Ng'ombe na kutandaza waya huko, ambako njia ya kuelekea Italia na Ujerumani inaupita mlima kwa pembeni. Mwenye redio kubwa na kigeuza umeme chake cha kilo kadhaa hawezi kufanya hivyo bila gari. Mwaka 2024, jua lilipokuwa kwenye kilele cha mzunguko wake wa 25, wakati ambapo mawimbi ya masafa mafupi hufika mbali zaidi, nilikaa chini ya mgunga huko nikazungumza kwa sauti, si kwa Morse, na Mjapani mmoja katika bendi ya mita 10, kwa betri ya bodaboda ya volti 12 niliyoiweka juu ya jiwe ili siafu wasiizonge.

Nije kwenye waya, maana ndilo jambo lililonifanya niandike. Antena ya bendi ya mita 20 huhitaji waya wa mita 10 na sentimita chache, uliokatwa katikati, kila nusu ikienda upande wake. Ukitaka kipimo cha bendi nyingine gawanya 143 kwa idadi ya megahezi upate mita. Yangu niliichuna kutoka kwenye waya mkuukuu wa nyumba, upande mmoja nikaufunga kwenye mparachichi na mwingine kwenye mgrevilea. Kebo ya omu 50 inayopendekezwa na vitabu ni adimu madukani, lakini kebo ya televisheni ya omu 75 iko kila mtaa, nayo inapatana na antena ya aina hii vizuri kabisa. Asubuhi moja vipimo viligeuka, umeme mwingi ukawa unarudi kwenye redio badala ya kupaa, nikafungua viungio vyote nikavisafisha kwa msasa bila kupata kasoro, hadi nilipotoka nje na kumkuta jirani yangu ameanika kanga mbili na blanketi kwenye upande wa mparachichi. Alinieleza kwa upole kwamba alidhani ile kamba nimeifunga kwa faida ya wote. Tangu siku hiyo waya uko juu zaidi.

Ukaidi wa redio yenyewe unatokana na udogo wake. Vitufe ni vichache na kazi ni nyingi, kwa hiyo mambo mengi yamefichwa ndani ya menyu yenye vipengele 57. Ina matundu mawili ya antena, moja mbele na moja nyuma, na ni menyu hiyo inayoamua bendi ipi itokee wapi. Mimi nilikuwa nimeipanga mita 20 itokee mbele. Jioni moja, baada ya kupotea katika menyu, niliirudisha redio kwenye mpangilio wa kiwandani, nikasahau kwamba mpangilio huo unaipeleka bendi ile nyuma, ambako hapakuwa na kitu. Nikaita kwa Morse kwa dakika kama mbili. Kioo kilikuwa kikionyesha onyo muda wote huo, nami miwani nilikuwa nimeiacha chumbani. Transista za mwisho, zile zinazokuza nguvu ya kurusha, ziliungua, na fundi wa Arusha aliyezibadilisha alinirudishia zile mbovu ndani ya bahasha ya kaki bila kusema neno. Kosa lilikuwa langu tu, na ninalitaja ili anayesoma aangalie matundu yake kabla ya kubonyeza kitufe cha kurushia.

Kuhusu umeme, redio hii inapokea kwa chini ya nusu ampea na inarusha kwa ampea 2 hivi, kwa hiyo betri ndogo ya saa-ampea 7 hunitosha siku nzima ya kusikiliza sana na kuita kidogo. Betri ya ndani ni ya kuokolea jahazi tu. Ninachaji kwa sola, na hapa niwatahadharishe wenzangu: zipo chaji kontrola za bei nafuu ambazo hupiga kelele mfululizo katika mita 40, kelele ya kukwaruza ambayo unaweza kuidhania ni ubovu wa redio. Kata waya wa paneli usikilize tena. Taa za LED za majirani nazo zina mchango wao, na nakiri kwamba umeme ukikatika mtaani mimi husogeza kiti karibu na redio, maana kelele hukoma mara moja kama mashine ya kusaga iliyozimwa, na vituo vya mbali hujitokeza.

Nisije nikaonekana ninauza dawa ya kila ugonjwa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota hapa kwetu na Kenya, nilijisemea kwamba siku ya redio ndogo imefika. Niliiwasha nikitarajia kuzungumza na nusu ya dunia, nikasahau kwamba siku mbili kabla ilikuwa imepiga dhoruba ya jua, ambayo huvuruga lile tabaka la juu linalorudisha mawimbi, kubwa kuliko zote kwa takriban miaka 20. Mita 20 ilikuwa kimya kama msikiti baada ya sala. Nilichopata ni vituo vya karibu katika mita 40, basi. Wati 100 zisingenisaidia siku hiyo, lakini wala 5 hazikunisaidia.

Vijana wengi huja wakiwa wamesikia habari za FT8, njia ya kidijitali iliyotolewa mwaka 2017 na Joe Taylor, mwanafizikia mwenye Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1993, akishirikiana na Steve Franke. Kompyuta hutuma na kupokea kwa vipindi vya sekunde 15 na kuokota mawimbi ambayo sikio halisikii. Inafanya kazi vizuri na redio hii kupitia tundu la data la nyuma. Ila kwa kuwa redio hurusha bila kupumua kwa karibu sekunde 13 kila zamu, bati lake hupata moto hadi mkono haukai, nami hupunguza nguvu hadi wati 2.5. Mimi binafsi njia hiyo hainifurahishi sana. Naona kama kuwatazama wengine wakizungumza.

Kabla ya kununua chochote, shughulikieni leseni, na ulizeni mamlaka kuhusu kibali cha kuingiza chombo chenyewe. Redio yangu ilipoingia nchini ilikaa wiki tano katika ofisi moja nisiyopenda kuitaja, kwa sababu afisa aliyeifungua aliona jinsi masafa yake yalivyo mengi akahisi ni chombo cha askari. Kwa namna fulani simlaumu, kwani chombo kidogo kiasi kile chenye uwezo ule kinatia shaka. Kilichoitoa ni nakala ya leseni, wala si maelezo yangu ya fizikia, ambayo yalichukua saa nzima na kumchosha.

Aina hii ya redio haitengenezwi tena; hata FT-818ND ya mwaka 2018, iliyoongeza wati moja tu, nayo imesitishwa. Atakayeipata ataipata mkononi mwa mtu, na aijaribu kwa kurusha kwenye antena katika kila bendi kabla ya kulipa, si kwa kuangalia kioo kinawaka rangi gani. Zipo mpya zaidi zilizo bora, kama Icom IC-705 ya mwaka 2020 inayotoa wati 10 ikiwa na umeme wa nje, lakini bei yake ni ya mtu aliyejaliwa.

Mmoja wa vijana wale sita alirudi Jumapili iliyopita. Redio bado hajanunua, lakini alikuwa na mita kumi za waya alizozikunja kwapani na jiwe alilolifunga kamba, tayari kulirusha juu ya mti. Tuliutundika waya wake kando ya wangu, tukauunganisha na redio yangu, tukasubiri zamu ya Afrika Kusini. Tulipata milio mitatu. Wa nne hatukuupata siku hiyo, akaniomba tusubiri dakika nyingine tatu.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Moshi