MeV si MV, na urani si makaa

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumzie kipimo kimoja ambacho huharibika kila kikifika magazetini, nacho ni elektronivolti, kipimo cha nishati ya chembe ndogo kama elektroni.

Tuanze na herufi. Kifupi chake ni eV: e ndogo, V kubwa, kwa kuwa V ni ya jina la Volta. Kichwa cha habari kikipigwa chote kwa herufi kubwa, MeV inakuwa MEV, na msomaji hawezi tena kujua kama ni MeV au meV. M kubwa ni mega, yaani milioni. M ndogo ni mili, sehemu moja ya elfu. Hapo katikati pana tofauti ya mara bilioni moja. Nyutroni iliyopoa ndani ya maji ya joto la kawaida ina takriban meV 25. Ile inayochomoka kiini cha urani kinapopasuka ina wastani wa MeV 2. Ya kwanza ndiyo inayopasua kwa urahisi urani-235, ile aina ya urani inayotumika kama fueli ya vinu. Ya pili sharti ipunguzwe kasi kwanza, na hiyo ndiyo kazi mojawapo ya maji katika vinu vingi vya nyuklia.

Elektronivolti 1 ni nishati ambayo elektroni moja huipata ikivutwa kwenye tofauti ya volti 1: jouli 1.602 × 10⁻¹⁹. Kwa hiyo mashine ya eksirei iliyowekwa kV 80 (kilovolti 80, yaani volti 80,000) huzipa elektroni zake keV 80, yaani eV 80,000. Lakini eksirei zenyewe hazitoki zote na keV 80. Hicho ni kilele tu, nyingi ziko chini yake sana, ndiyo maana mafundi husema kV na si keV. Kwenye tiba ya saratani ni hivyo hivyo. Mionzi ya "MV 6" (megavolti 6) ina fotoni, yaani chembe za mionzi hiyo, za wastani wa MeV 2 hivi, wala si sahihi kuiandika MeV 6. Mashine hiyo hiyo ikirusha elektroni moja kwa moja kwa mgonjwa, hapo MeV inafaa, maana zote zinatoka na nishati inayokaribiana.

Mashine za tiba zinazotumia kobalti-60, madini yanayotoa mionzi yenyewe, ndizo zinazopotosha zaidi. Kobalti hutoa fotoni za MeV 1.17 na MeV 1.33, leo na miaka kumi ijayo. Kila baada ya miaka 5.27 kinachopungua kwa nusu ni idadi ya fotoni kwa sekunde, hivyo mgonjwa hulazwa chini ya mashine muda mrefu zaidi ili apate dozi ile ile. Kuandika kwamba "mionzi imepoteza makali" ni kumfanya msomaji aamini kwamba haifiki tena kwenye uvimbe. Inafika vile vile, ila taratibu.

Dozi ina kipimo chake, grei: jouli 1 kwa kila kilo ya mwili, sawa na MeV trilioni 6.24. Inaonekana kubwa, kumbe grei 1 hupasha maji nyuzi 0.00024 tu za Selsiasi. Grei 4 mwili mzima kwa mkupuo mmoja zinaweza kuua karibu nusu ya watu wasiopata matibabu, na kwa mtu wa kilo 70 hizo ni jouli 280, pungufu ya joto analoachiwa na kijiko kimoja cha chai ya moto. (Chai ya rangi, maziwa hatukuyapigia hesabu.) Joto si lililomdhuru. Chai humgawia kila molekuli chembe ya nishati isiyofika hata eV moja, wakati fotoni moja huja na maelfu au mamilioni ya eV mahali pamoja, na kifungo cha molekuli huvunjwa na eV chache tu.

Mwisho, habari za urani, ambazo tangu mradi wa kuchimba urani wa Mto Mkuju, mkoani Ruvuma, hazikosekani. Kiini kimoja cha urani-235 kikipasuka hutoa takriban MeV 200. Atomi moja ya kaboni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya makaa, ikiungua hutoa eV 4. Atomi kwa atomi, ni mara milioni 50. Ila atomi ya urani ni nzito karibu mara 20 kuliko ya kaboni, kwa hiyo kilo kwa kilo ni mara milioni 2.5. Tena hiyo ni urani-235 tupu. Urani ya asili ina asilimia 0.7 tu ya hiyo, na tukihesabu hiyo peke yake tunabaki na mara 18,000 hivi. Tarakimu zote tatu ni za kweli, kila moja kwa kitu chake. Kosa ni kuchukua ile ya milioni 50 na kuibandika kwenye gunia la mgodini. Kisha kinu hugeuza takriban theluthi moja tu ya joto hilo kuwa umeme, basi megawati zikitajwa, mwandishi aseme ni za joto au za umeme.

Walimu wa fizikia,
Morogoro