Malalamiko kuhusu transfoma ya kutenganisha mliyonifungia nyumbani

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: TRANSFOMA YA kVA 10 NA BREKA YA UVUJAJI ISIYOONA UVUJAJI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nilipofika dukani kwenu nilitaka transfoma ndogo tu ya mezani, maana natengeneza redio na televisheni nyumbani. Muuzaji wenu akanishawishi ninunue ya nyumba nzima. Alisema hata mtoto akichomeka msumari kwenye soketi hapigwi na umeme. Nilipaswa kumuuliza papo hapo: na akichomeka miwili?

Siku ya kwanza baada ya kufungiwa, testa iliwaka kwa mbali kwenye matundu yote mawili ya kila soketi. Nikapiga simu. Fundi wenu akarudi, akakata kipande cha waya wa kijani na njano, akaunganisha waya mmoja wa upande wa kutokea wa transfoma na ethi. Testa ikawaka tundu moja. "Sasa safi, bosi," akasema, nami nikamsainia karatasi.

Kile kipande cha waya, chenye urefu wa kiganja, ndicho kilichoua kitu nilichokilipia. Transfoma ya kutenganisha ina koili mbili zisizogusana. Umeme unavuka kwa sumaku iliyo kwenye chuma, si kwa waya. Kwa hiyo ukigusa waya mmoja wa upande wa kutokea huku umesimama chini, mkondo hauna njia ya kurudia kupitia ardhini. Testa kuwaka hafifu kote kote ni jambo la kawaida kwa mfumo usioshikamana na ardhi. Haukuwa ugonjwa wa kutibiwa. Fundi aliutibu, na tangu hapo nina umeme ule ule wa zamani, tofauti ni kwamba sasa una boksi linalopata joto na kunguruma usiku kucha.

Hayo ningeyavumilia. Nisichovumilia ni breka ya uvujaji ya miliampea 30 niliyokuwa nayo tangu zamani. Mliiacha kabla ya transfoma. Breka hiyo inalinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, ukipungua kurudi inakata. Lakini umeme ukivuja baada ya transfoma, unarudi kwenye transfoma yenyewe kupitia ule waya wa fundi, na huku nyuma, kwenye breka, kinachokwenda na kinachorudi ni sawasawa. Breka haina cha kuona. Kibaya zaidi, kitufe chake cha kujaribia bado kinafanya kazi, kwa sababu kinajipimia ndani ya breka yenyewe. Nimekibonyeza kila mwezi, kikakata, nikaenda kulala na amani yangu.

Jumanne jioni mke wangu alikuwa anapiga pasi, miguu mitupu, sakafu imetoka kupigwa deki. Waya wa pasi ulikuwa umechanika pale unapoingilia kwenye mpini. Kosa la waya ni langu, sikatai. Lakini breka ile iliwekwa kwa ajili ya makosa kama hayo, na haikutikisika. Breka za kawaida nazo zilikaa kimya, kwa kuwa mkondo unaotosha kuua mtu ni mdogo mno kwa breka ya ampea 20. Aliokolewa na mkono uliorushwa wenyewe, pasi ikaangukia kapu la nguo. Ganzi haikumtoka hadi usiku.

Nilipowapigia, kijana aliyepokea alinishauri niung'oe ule waya wa ethi, "irudi kama mwanzo". Naomba asimshauri mteja mwingine hivyo. Ukiacha nyumba nzima bila kushikamana na ardhi, hitilafu ya kwanza haikati kitu wala haipigi kelele. Inakaa tu. Ikija ya pili, kwenye waya wa pili, ndani ya chombo kingine ambacho bati lake nalo halina ethi, anayeshika vyombo vyote viwili anashika volti 230 kamili. Vyumba vya upasuaji vinavyotumia mfumo wa namna hii huwekewa kifaa kinachofuatilia ukinzani kati ya nyaya na ardhi na kutoa tahadhari. Jikoni kwangu hakipo. Ndiyo maana kawaida transfoma ya kutenganisha hulisha chombo kimoja, kama nilivyotaka mwanzoni.

Sasa naomba haya. Iondoeni transfoma ya nyumba nzima na mrudishe umeme wangu ulivyokuwa, na breka ya uvujaji ikilinda soketi zote. Nirudishieni fedha, mkikata bei ya transfoma ndogo ya mezani, ambayo bado naihitaji. Na nyumba nyingine alizofunga fundi yule zikaguliwe, kwani sidhani kama mimi ndiye pekee aliyewekewa kile kipande cha waya.

Siku ya kazi hiyo fundi aje na kipimo cha breka ya uvujaji, asije na testa. Apimie kwenye soketi ya jikoni, bila kubonyeza kitufe, nami nikiwa nimesimama pembeni yake. Karatasi nitasaini baada ya hapo.

Wenu,
Mteja wenu, mwenye transfoma ya kVA 10