Mbuzi Nao Wapande: Risala ya Wanafunzi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wenyeviti wa vijiji na vitongoji,
Wazee wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima leo 13 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Kupunguza Hatari ya Maafa. Nawe, Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kukubali kuja Rufiji yetu hii ya ndani, kwa barabara uliyoiona mwenyewe. Hatutaisemea barabara. Imejisemea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ilianza kama klabu ya kupanda miti. Mafuriko ya Aprili 2024 ndiyo yaliyotubadilishia kazi, tukaanza kupanga jinsi ya kuokoa wanyama pamoja na wenyewe. Siku zile uwanja huu ulioketi ulikuwa kambi. Watu walilala madarasani, mbuzi walifungwa kwenye milingoti ya goli, bata walijichukulia mtaro wa nyuma ya jiko. Ratiba ya mitihani iliyobandikwa nje ya ofisi ililiwa na mbuzi mmoja mweupe, na hadi leo kuna wanafunzi wanaomkumbuka kwa heri.

Lakini si wote waliofika mapema. Mmoja wetu ana bibi yake ambaye mtumbwi wa uokoaji ulimfuata shambani mara mbili akagoma kupanda. Alikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, maji yameshapita ngazi ya tatu, na humo humo alikuwa na mbuzi saba na kuku anayeatamia. Nahodha akamwambia, "Bibi, panda, mbuzi hawapandi." Bibi akaketi. Akasema, "Basi nami mbuzi." Mara ya tatu alikwenda mjukuu wake na kijana mwenye mtumbwi mkubwa zaidi. Wakawafunga mbuzi miguu mitatu mitatu, wakawalaza, wakaja nao. Kuku alikuja ndani ya ungo juu ya mapaja ya bibi, amefunikwa kanga, mayai yake chini yake.

Bibi huyo yupo hapa, safu ya tatu. Ametukataza kumtaja jina.

Tumeieleza habari hii kwa urefu kwa sababu wengi waliisikia kama kichekesho cha ukaidi wa wazee. Sisi tunaiona hesabu. Safari tatu kwa mtu mmoja, na kila safari mtumbwi ulipomwendea yeye kuna mwingine aliyekuwa akisubiri juu ya mti. Angeahidiwa tangu siku ya kwanza kwamba mbuzi wake wana nafasi, angepanda siku ya kwanza. Mwalimu wetu alitusomea kwamba hata Marekani, kimbunga Katrina kilipopiga mwaka 2005, wako waliokataa kuondoka bila mbwa na paka wao, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kutaka mipango ya uokoaji iwahesabu na wanyama wa nyumbani. Bibi alipoelezwa alisema, "Kumbe na wao."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafuriko kwetu si mgeni. Ndiyo yanayotuachia udongo wa kulima mlau, kilimo cha baada ya maji kupungua. Wazee wanahesabu umri kwa mafuriko: ya mwaka 1968, yaliyofuatiwa na Operesheni Rufiji ya kuwahamishia watu miinuko, ya 1974, ya El Niño, 1998. Watu walihamia juu kweli. Ila shamba la mpunga lilibaki bondeni, dungu liko shambani, na msimu wa kulinda mpunga dhidi ya nguruwe mwitu na ndege ukifika familia hushuka na mbuzi wake na kuku wake. Kwa hiyo mpango wowote unaotafuta wanyama kijijini utawakosa. Mwezi Aprili wako bondeni na wenyewe.

Tulipoanza kazi tulipita kitongoji kwa kitongoji na madaftari tukiuliza kila kaya ina wanyama wangapi. Tulishindwa vibaya. Wengine walidhani ni ushuru, wengine waliamini kuhesabu mali hadharani kunaleta nuksi, na mzee mmoja mwenye ng'ombe tunaowaona kwa macho kila jioni alituambia hana hata mmoja. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza ndiye aliyetuokoa. Alisema tusiulize idadi, tuulize, "Mzee, wanyama wako wakipanda mtumbwi, watakwenda safari ngapi?" Hapo watu wakajibu. Daftari letu linahesabu safari, na tunaamini kwa nahodha lina faida kuliko orodha ya vichwa.

Tumefundishana pia mambo madogo. Mnyama asiachwe amefungwa maji yanapokuja. Asipoweza kuchukuliwa, akatwe kamba ajitafutie. Kuku waingie tenga kabla ya giza, maana usiku ukiwafukuza utapata manyoya tu. Na tumejifunza fundo la kamba linalofunguka kwa mvuto mmoja, hata kama mikono imelowa na inatetemeka.

Ng'ombe ni habari nyingine. Ng'ombe anaogelea. Ndugu zetu Wasukuma na Wamang'ati, ambao wengine walifika huku baada ya wafugaji kuondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, wanajua kuvusha kundi: mmoja mzoefu huongozwa kwa kamba kando ya mtumbwi, kichwa kimeshikiliwa juu ya maji, na wenzake humfuata. Ndama ndio hupandishwa. Ugumu si majini, ugumu ni nchi kavu. Ardhi ya juu ambako ng'ombe hutokea ina mihogo na mikorosho ya watu, na mihogo hiyo ndiyo chakula pekee kilichosalia baada ya mpunga kuzama. Mwaka ule tulishuhudia watu waliookolewa kutoka majini asubuhi wakishikiana fimbo jioni. Tuseme ukweli, Mheshimiwa: kila upande ulikuwa na haki, na hakuna aliyekuwa amekaa chini kabla kupanga ng'ombe watapita wapi.

Kiangazi kilichofuata wazee wa pande zote mbili waliketi chini ya mwembe ule pale, siku nne, wakakubaliana njia ya kupita na kipande cha pori cha kuwaweka mifugo wakati wa maji, mbali na kisima. Mabua ya mpunga yakikaushwa na kurundikwa huko baada ya mavuno yatawafaa siku za mwanzo. Makubaliano hayo ni ya mdomo. Shahidi ni mwembe.

Kuhusu magonjwa hatutakuchosha, afisa mifugo yupo. Tunasema tu kwamba mbuzi na watoto walichota bomba moja hapa shuleni, na mbu walikuwa wengi. Homa ya Bonde la Ufa, ambayo huenezwa na mbu, mwaka 2006 na 2007 ilizuka baada ya mvua kubwa, ikaua mifugo na watu. Chanjo ya kimeta nayo inahitaji kutangulia, mwili wa mnyama upate siku za kujijenga. Ikifuata maji, imechelewa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima kubwa tunaomba makubaliano ya mwembe yaingizwe kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji, yachorwe kwenye ramani na yapigwe muhuri. Hilo ndilo ombi letu kubwa, na mengine yote yakikwama, hili lisikwame. Tunaomba pia afisa mifugo awe na kiti katika kamati ya maafa ya kijiji, na chanjo zifike kabla ya masika. Na kwa kuwa sasa tuko chini ya Bwawa la Julius Nyerere, ambako kuna watu wanaojua kiasi cha maji yanayoachiwa, tunaomba tangazo litufikie mchana, kwa kipaza sauti cha msikiti na kengele ya kanisa, mapema kiasi cha mtu kushuka bondeni na kurudi na wanyama wake. Kamba tumeshanunua wenyewe, kwa fedha za kuuza miche.

Mwisho, mayai ya kuku wa bibi yalianguliwa ndani ya Kidato cha Pili B, chini ya meza ya mwalimu. Mmoja wa vifaranga wale sasa ni jogoo, na bibi ameamua awe wako. Yuko mbele yako, amefungwa kwenye mguu wa meza kwa lile fundo letu. Tunakuomba usimame, ushike ncha fupi ya kamba, uvute mara moja.