Barua ya Wazi kwa Vijana Wabunifu: Nileteeni Kurasa, Msiniletee Jalada

Wanangu wapendwa,

Nawaandikia nikiwa na uchungu ulionikaa kifuani tangu nilipoalikwa hivi karibuni kwenye uzinduzi wa kitabu cha kijana ninayemfahamu tangu alipokuwa shule ya msingi. Ukumbi ulikuwa umepambwa, mgeni rasmi alikuwa ameketi mbele, na jalada la kitabu lilikuwa limechapwa kwenye bango refu kuliko mlango. Mikono yangu imefanya kazi ya uchapaji kwa zaidi ya miaka thelathini katika Barabara ya Nasser hapa Kampala, kwa hiyo nilimwomba anipe kitabu chenyewe nikishike. Alinivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ameandika sura mbili tu, na kwamba nyingine zitafuata baada ya sherehe. Sikumkaripia mbele ya wageni wake, lakini usiku ule sikupata usingizi.

Nawaambia ninyi nyote kwa sababu yeye si wa pekee. Nimeona filamu zilizoishia kwenye bango, albamu zilizopata jina na picha lakini hazikupata nyimbo, na mitindo ya nguo iliyobaki kwenye simu ya mbunifu hadi simu ilipoibwa. Hamjapungukiwa na mawazo hata kidogo. Mmepungukiwa na utaratibu wa kulishika wazo moja, kulipa kipimo, na kulifanyia kazi hata siku ambayo halipendezi tena.

Wengine mnalificha wazo mkihofia wizi. Someni Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006: mawazo matupu hayalindwi. Kinacholindwa ni kazi iliyokwisha kuwekwa katika umbo linaloonekana au kusikika, kama vile maandishi, rekodi au mchoro. Wazo unalolificha kwa miaka mitano halina ulinzi wowote mbele ya sheria, ilhali hadithi fupi uliyoiandika jana jioni hadi nukta ya mwisho tayari ni mali yako.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapotaka tukae. Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Tunachukua karatasi kubwa, tunachapa kurasa nane upande wa mbele na nane upande wa nyuma, kisha tunaikunja mara tatu na kupata kurasa 16. Ukiikunjua karatasi hiyo utaona kwamba ukurasa wa kwanza haukai karibu na wa pili. Umelala ubavuni mwa ukurasa wa 16. Ndiyo maana mchapaji hawezi kuchapa ukurasa wa kwanza kabla ya kuupata wa 16. Nimewarudisha nyumbani vijana wengi waliokuja na mwanzo mzuri sana wakitaka tuanze kuchapa huku wakiendelea kuandika, na baadhi yao walinikasirikia wakidhani nawabania.

Kazi yoyote ya ubunifu inahitaji kukatwa hivyo. Kabla hujaanza, amua ina ukubwa gani: kitabu cha kurasa 96 ni karatasi sita, basi, tamthilia ni maonyesho manne, albamu ni nyimbo nane. Kisha ishughulikie karatasi moja hadi ikunjike, ndipo uiguse nyingine. Anayesema "nitaandika kitabu" amejitwika mlima mzima, lakini anayesema "wiki hii nina kurasa nne" anajua Jumatatu ataanzia wapi na Ijumaa atajua kama amefika.

Kulikuwa na mama mmoja kijana aliyekuwa akiuza chai na mandazi karibu na karakana yetu. Aliniambia kwamba ana hadithi alizozipokea kwa bibi yake, nami nikamchorea mistari ili ukurasa mmoja wa daftari lake ulingane na ukurasa mmoja wa kitabu. Tulikubaliana kurasa nne kila Alhamisi. Aliandika kati ya saa nane na saa tisa alasiri, wateja wanapopungua, na kila ukurasa ulikuwa na alama ya mafuta pembeni, pale kidole gumba kilipoushika. Wiki moja mtoto wake aliugua malaria, akaleta ukurasa mmoja tu. Wiki iliyofuata hakujaribu kuleta saba ili kulipa deni. Alileta nne kama kawaida. Katika wiki ya 25 alileta kurasa tatu za mwisho, akasimama mlangoni akitazama nikizihesabu. Hakuwa na kompyuta wala ofisi, na sijui kama aliwahi kuwaambia hata jirani zake kwamba anaandika, kwa sababu mimi mwenyewe nilimsikia akilitamka neno "kitabu" siku ile kwa mara ya kwanza.

Mengine nayataja tu. Weka mawazo mapya katika daftari lake la pembeni, uyarudie kazi ya sasa itakapokwisha. Hifadhi nakala mahali pawili, kwa maana umeme hukatika bila kutoa taarifa. Simu ikae chumba kingine. Chagua msomaji mmoja mkweli. Ukishasahihisha mara ya mwisho, acha.

Msiniambie pia kwamba mngali wadogo. Okot p'Bitek, mshairi na mwandishi wetu wa Uganda aliyezaliwa Gulu mwaka 1931, alichapisha riwaya yake kwa Kiacholi mwaka 1953. Hesabuni wenyewe umri wake.

Lakini lawama si yenu peke yenu. Sisi wazee tumekuwa tayari kuchangia mahema, viti na soda za uzinduzi, lakini hatujawahi kumchangia kijana miezi sita ya kodi ya chumba ili aandike kwa utulivu. Tunamshangilia anayetangaza, na anayejifungia kufanya kazi tunamwita mvivu. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu katiba iliporekebishwa mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Watoto hao watasoma nini kilichoandikwa na Mganda, ikiwa sisi tunanunua mabango?

Kijana wa uzinduzi nimemwita nyumbani. Amekubali kuniletea kurasa nne kila Alhamisi, na tumekubaliana kwamba bango lile likunjwe liwekwe juu ya kabati langu mpaka karatasi ya sita ikamilike. Nafasi ya wengine ipo. Alhamisi kuanzia saa kumi jioni mtanikuta barazani, na chai ipo.

Ni mimi mzee wenu,
mchapaji mstaafu, Kampala